Mwandishi wa Ukurasa Usio na Jina

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa kulifukia, lakini chuo kizima kinalijua, na sasa hata mama anayetuuzia chai getini ananiuliza "madam, leo umemgundua nani," kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjalipata kwa wengine likiwa limeongezwa chumvi (na halihitaji chumvi, nawaambia, lilivyo linatosha). Ni aibu, sikatai. Na mbaya zaidi ni aibu niliyoitafuta kwa mikono yangu, mbele ya ukumbi uliojaa, nimeshika kipaza sauti.

Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja pale Njiro. Najua mnafikiri mkutubi ni mtu wa kukaa mlangoni na kuwakaripia wanaoongea, lakini siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuandika vyanzo vya utafiti wao, na ugonjwa wao ni mmoja, mtandao. Mtoto anakuandikia sura tano zimenyooka, ukifika kwenye orodha ya marejeo unakuta "chanzo: mtandaoni", basi, utafikiri mtandao ni mzee fulani anayekaa Sakina. Ukimuuliza nani aliandika, kimya. Iliandikwa lini, anaangalia dari. Hilo lilikuwa linanikera mpaka nikatengeneza karatasi niliyoiita Hatua Tano: kwanza tazama chini ya kichwa cha habari kama kuna jina na tarehe, pili shuka mpaka mwisho wa ukurasa (lakini usiuamini ule mwaka wa pale chini, mara nyingi unajibadilisha wenyewe kila Januari hata kama aliyeandika alishazikwa), tatu fungua sehemu ya "Kuhusu sisi" ujue tovuti ni ya nani, nne chukua sentensi moja ya ukurasa uitafute nzimanzima uone ilianzia wapi, tano nenda kwenye ile hifadhi inayotunza nakala za zamani za tovuti uone ukurasa huo ulikuwaje miaka ya nyuma. Chini kabisa nikaweka jina langu kwa herufi nene, Anansia Mbise, nikachapa nakala za kutosha kila mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nakaimu ukuu wa maktaba, mwaka wa pili huo nakaimu tu, na nilikuwa nimenong'onezwa kwamba Mkuu wa chuo angekuja kuketi nyuma asikilize, kwa hiyo nilitoka Engutoto asubuhi nimevaa suti ya kitenge niliyoshonea harusi ya mdogo wangu, viatu vinabana, sikujali. Nilikuwa nimeandaa ukurasa wangu wa mfano, ukurasa mtiifu, jina lipo, tarehe ipo, nimeujaribu nyumbani mara nne. Ningeutumia huo tungemaliza saa nne na nusu tukaenda kunywa chai, na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Lakini akasimama Dainess. Dainess ni binti wa mwaka wa tatu, mpole, wale wa kuandika kila kitu hata mwalimu akikohoa. Akaeleza kwamba utafiti wake ni wa utalii wa utamaduni huku kwetu kwenye miteremko ya Meru, kwa wakulima wa kahawa na ndizi, na sura yake ya nne yote imesimama juu ya ukurasa mmoja wa tovuti ya kampuni ya utalii. Ukurasa huo unaeleza mila ya Wameru: mche wa kahawa ukipandwa hupewa jina la mtoto aliyezaliwa kwenye boma mwaka huo, na mtoto huyo haruhusiwi kuonja kahawa mpaka mche wake uzae. Mila nzuri, tamu kusikia. Ila ukurasa hauna mwandishi wala tarehe, na msimamizi wake, Dokta Mollel (aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, mikono kifuani, mtu ambaye sijawahi kumwona akitabasamu siku ya kazi), alikuwa amemwambia asipompata mwandishi na tarehe mpaka Ijumaa, sura ya nne inaondoka. Na sura ya nne ikiondoka, Dainess hahitimu mwaka huu, na mama yake alishaanza kualika watu.

Ile mila ilinigusa mahali fulani kichwani, kama jina la mtu uliyewahi kusoma naye, halafu ikapita. Ningeweza kumwambia binti njoo ofisini saa nane. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Mimi nilimwangalia Mkuu wa chuo kule nyuma, nikavuta pumzi, nikasogeza kipaza sauti.

"Ulete hapa tuuone," nikasema. "Hakuna ukurasa usio na baba."

Wakapiga makofi. Dainess akanitajia anuani, nikaiandika, ukurasa ukafunguka ukutani mkubwa kama mlango wa kanisa, umeandikwa Kiingereza. Nikasoma sentensi ya kwanza kwa sauti. Sentensi ya pili ikanitoka mdomoni kabla macho hayajaifikia.

Hapo nikanywa maji.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Zamani, nilipomaliza stashahada na kazi hakuna, nilipata kibarua kwenye kampuni changa ya utalii, ofisi yake chumba kimoja mtaa wa Kwa Mrombo, juu ya duka la mabati, gari moja, bosi mmoja, na mimi. Bosi alitaka tovuti yake iwe na "kitu cha utamaduni" kuhusu kahawa ya Meru. Nikamwambia hakuna shida, bibi yangu mzaa baba yuko kijijini Poli, amelima kahawa maisha yake yote, nitapanda nikamuulize. Na kweli nilikuwa nimekusudia. Ila ilikuwa Aprili, mvua inanyesha toka alfajiri, nikaifikiria ile njia ya udongo kutoka Usa River, nikafikiria wigi langu jipya la rangi ya chungwa (nilikuwa msichana, msinihukumu), nikafikiria na bibi mwenyewe, ambaye ukimuuliza kitu kimoja anakuanzishia tangu ukoo ulipohamia mlimani. Nikasema, nani atajua. Nikaketi pale juu ya duka nikaitunga ile mila yote kwa dakika arobaini, miche, majina, watoto, marufuku ya kuonja, nikamaliza na chipsi mayai. Bosi akasema safi sana. Miezi michache baadaye kampuni ikauzwa pamoja na gari lake, mimi nikaenda kusomea ukutubi, na huo ukurasa nikausahau kabisa.

Sasa ulikuwa ukutani, na mimi nimeshika kielekezi, na watu wananitazama nimtafute baba yake.

Nikaanza kutembea. Sikuweza kusimama mahali pamoja, nilikuwa naenda mpaka dirishani narudi, nafunga kishikizo cha koti nakifungua, nafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Hatua ya kwanza, nikasema, hakuna jina. Ya pili, mwaka wa chini ni mwaka huu, hatuuamini. Ya tatu, tovuti ni ya kampuni nyingine, ile iliyoinunua ya kwetu na kuhamisha kurasa zake bila majina, na hapo nikaona pa kutorokea. Nikawageukia nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba wakati mwingine, ndugu zangu, lazima tukubali, mwandishi hajulikani na tarehe haipo, basi mnaandika jina la kampuni na mnaeleza kuwa ukurasa hauna tarehe.

Dokta Mollel hakufungua hata mikono. Akasema kama ndivyo chanzo hakifai, sura iondoke, na akamtazama Dainess kwa namna ya kumaliza mambo.

Nilimwona yule binti anainamisha kichwa. Jamani, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Nikakunja karatasi yangu mara mbili, nikaikunjua.

Dainess akanyoosha mkono. "Madam," akasema, karatasi yangu ya Hatua Tano mkononi, "bado hatua ya nne na ya tano."

Nikasema mtandao leo uko chini. Kijana wa kompyuta akasema uko vizuri. Nikasema muda umekwisha. Mkuu wa chuo akasema kutoka kule nyuma, kwa upole kabisa, kwamba muda upo na amefurahishwa sana na zoezi hili, na mwanafunzi mwenyewe aje mbele afanye tuone kama mafunzo yameingia. Nikaomba umeme ukatike. Umeme wa Njiro, ambao hukatika mtu akiunganisha pasi, siku hiyo ulikaa kama umelipwa.

Dainess akaketi kwenye kompyuta. Akachukua sentensi moja, akaitafuta nzimanzima kama nilivyofundisha. Yakaja majibu mengi, vipeperushi, blogu za wageni waliopanda mlima, shule moja ya msingi ilikuwa imeiweka kwenye ukurasa wake, wote wamenakili mche wangu na mtoto wangu (wengine wameongeza kuwa mtoto hupakwa asali, mimi sikusema asali). La mwisho kabisa, la zamani kuliko yote, lilikuwa la blogu iliyotaja ilikonakili, anuani ya kampuni ya Kwa Mrombo. Ukumbi ukaanza kuchangamka, wanafunzi wananyanyuka waone. Akaichukua ile anuani iliyokufa akaipeleka kwenye hifadhi ya kurasa za zamani, akachagua nakala ya kwanza kabisa, akabonyeza.

Ukurasa wa zamani hufunguka polepole. Ikaja tarehe kwanza, siku, mwezi na mwaka, na watu wakashangilia tarehe, nilikuwa sijawahi kuona wanafunzi wakishangilia tarehe. Halafu ikaanza kushuka picha, kipande kwa kipande kutoka juu. Likaja wigi la rangi ya chungwa. Ikaja paji la uso. Yakaja macho, na mtu mmoja upande wa kushoto akasema "ah". Nikaja mimi mzima, nimeshika mche wa kahawa (tuliuazima kwa jirani wa bosi), natabasamu mpaka jino la mwisho, na chini yake maneno: Anansia Mbise, mtafiti wetu wa utamaduni, na mche wa jina lake.

Akacheka mmoja, halafu ukumbi wote. Ukurasa haukuwa na baba, ulikuwa na mama, na mama amevaa suti ya kitenge.

Dainess peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amefurahi. Alinigeukia macho yanang'aa, akasema kumbe madam ndiye chanzo chenyewe, amepona. Na Dokta Mollel, kwa mara ya kwanza, akafungua mikono.

"Madam Mbise," akasema, "mila hii ulipewa na nani?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema ukweli pale. Aibu ilikuwa imeshafika shingoni, ingeongezeka nini? Lakini mtu akizama hushika hata majani. Nikasema nilipewa na bibi yangu, yuko Poli.

"Yupo hai?"

Nikasema yupo.

"Vizuri sana. Kesho tunapanda wote, bibi athibitishe, na Dainess atakuwa na chanzo cha mdomo kilicho bora kuliko tovuti yoyote."

Mkuu wa chuo akatoa gari.

Jioni hiyo nilimpigia bibi simu mara kumi na moja ili nimpange cha kusema (naona haya hata kulitamka, kumpanga bibi yangu mzaa baba), simu haipatikani, bila shaka ilikuwa dukani inachajiwa. Sikula. Nilipanga vitabu nyumbani kwangu kwa herufi, halafu kwa rangi, halafu nikavirudisha kwa herufi. Alhamisi asubuhi tukaondoka, Dokta Mollel mbele, Dainess na mimi nyuma, tukapinda Usa River tukaanza kupanda, na mvua ilikuwa imenyesha, udongo ule ule niliouogopa zamani, gari likaserereka tukashuka tukasukuma, suti yangu ya pili ikaisha pale.

Bibi tulimkuta nyuma ya jiko anakata migomba kwa ajili ya ng'ombe. "Shikamoo bibi," nikasema. Akaitikia marahaba, akanitazama viatu, akawatazama wageni, akatukaribisha ndani na hakutaka kusikia lolote mpaka tumekula loshoro, mahindi na maziwa mgando, bakuli la Dokta likajazwa mara mbili. Kila nilipojaribu kumvuta pembeni alinituma kitu: chumvi, kijiko, mlango ufungwe kuku wasiingie.

Mwishowe Dokta akamuuliza kwa heshima zote, kama ni kweli kwamba Wameru wakipanda mche wa kahawa huupa jina la mtoto.

Bibi akafikiri kidogo. "Ndiyo," akasema. "Tunafanya hivyo. Mwaka juzi hapa tulipanda mmoja, ukaitwa Brayani, jina la mtoto wa baba mdogo wa huyu. Na kahawa hatumpi."

Mnaweza kufikiria nilivyojisikia. Nilitaka kumbusu. Dokta akaandika, Dainess akaandika, mimi nikaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu jana yake, nikajiambia labda kweli niliisikia utotoni, labda sikutunga, labda damu inajua. Nikaanza hata kutabasamu. Dainess akafungua ukurasa mpya wa daftari, akatoa ile karatasi yangu akaitazama, halafu akauliza taratibu, "Bibi, na wewe uliipata kwa nani?"

"Kwa vijana wanaopitisha wageni hapa," bibi akasema. "Sisi zamani hatukuwa nayo, nikadhani ni ya Wameru wa juu. Wao wakasema ni ya wote, imeandikwa na msomi mmoja aliyekuja huku mlimani, akakaa na wazee, akawauliza. Nikasema moyoni, huyo mtoto amelelewa." Akanigeukia, bila ubaya wowote. "Maana huyu wangu anakaa na vitabu huko mjini miaka yote, na hajawahi kuniuliza hata jina la mama yangu."

Kwenye ukumbi niliona aibu. Hapa niliumia, na ni vitu viwili tofauti.

Nikashuka kwenye kiti nikaketi kwenye kigoda karibu naye. "Bibi," nikasema, "huyo msomi ni mimi. Na sikuja."

Nikamweleza yote, mvua, wigi, chipsi mayai, mbele ya Dokta na Dainess, sikubakisha. Kalamu ya Dainess ikasimama, nikaona furaha yote ya jana inamtoka usoni, na hilo nalo ni deni langu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia mikono yake.

"Kwa hiyo Brayani tumemnyima kahawa bure," akasema.

Dokta Mollel akaanza kukohoa, na alikohoa kwa muda mrefu mpaka machozi yakamtoka, akaomba radhi akaenda kusimama nje.

Akiwa huko nje nikamuuliza bibi jina la mama yake. Akaniambia. Halafu nikamuuliza walivyopanda kahawa kweli, na akaanza tangu ukoo ulipohamia mlimani kama nilivyojua angeanza, na sikutaka anyamaze. Alisema kahawa ilikuwa ya wanaume na ndizi za wanawake, mwanamke alipalilia kahawa, akachuma, akaimenya, lakini hakuiita yake. Basi yeye na mama yake walipanda miche miwili nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha migomba ambako baba yake hafiki, na hiyo hawakuipa jina la mtu yeyote, maana ungeipa jina ungejulikana unayo. Kalamu ya Dainess ilikuwa imeshaanza kutembea tena. Aliandika mpaka daftari likajaa akaomba kalenda ya ukutani ageuze nyuma, na Dokta, aliyekuwa amerudi bila sisi kumwona, akasema polepole kwamba hiyo ndiyo sura ya nne.

Binti alikesha nayo, akaiwasilisha Ijumaa saa kumi na moja jioni, na amehitimu, mama yake alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Mimi bado nakaimu. Mkuu wa chuo hajasema neno kuhusu cheo, ila Hatua Tano sasa zimekuwa sita, ya sita alinitaka niiongeze mwenyewe: ukishampata mwandishi, muulize naye alipata kwa nani.

Utafiti wa Dainess uko kwenye rafu ya maktaba yangu, nimeugonga muhuri kwa mkono wangu, na ndani kuna kipengele kinachoeleza jinsi mila inavyoweza kutungwa na mtu mmoja akiwa juu ya duka. Nimeapa sitaandika tena neno la mtu ambaye sikuketi naye, na Jumamosi huwa napanda Poli na daftari, iwe mvua, isiwe mvua. Nilimpelekea bibi nakala, akataka nimsomee orodha ya vyanzo, yote, kwa sababu alisikia yumo. Nikasoma jina lake kamili, Elifuraha Kaaya, mahojiano ya ana kwa ana, Poli, siku na mwezi na mwaka. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nikataka kufunga.

"Endelea," akasema. "Chini yangu kuna nani?"

Nikasoma: Mbise, A.

"Huyo ni nani?" akauliza, na alijua kabisa.

"Ni mtu mmoja hivi, bibi," nikasema. "Alikuwa anaogopa tope."